Kuwarekodi wazee wa taarab asilia na kidumbak Unguja: tuanzie wapi?

Mchipukizi_Kikwajuni

Assalaam aleykum wakubwa zangu.

Tumo vijana wanne na tumepata ridhaa ya wazee saba hapa mjini: mpiga kanuni (kile chombo cha nyuzi nyingi), wapiga fidla wawili, mpiga udi (chombo cha nyuzi chenye tumbo na shingo), bibi mmoja mwimbaji, mpiga vidumbak (ngoma mbili ndogo) na mpiga sanduku (besi ya uzi mmoja). Bibi ana miaka 78, wengine wote wamepita 65. Tunataka kurekodi nyimbo 12 kabla masika hayajaingia.

Vifaa tulivyonavyo: kinasa sauti cha mkononi chenye maikrofoni zake mbili na matundu mawili ya kuchomekea za nje, maikrofoni mbili za kondensa, moja ya jukwaani, kompyuta na kinanda cha umeme. Naomba msaada kwenye haya:

Kwanza, tumrekodi kila mtu peke yake kwa kliki ya kompyuta (mdundo wa kuhesabia mwendo) kisha tuunganishe, au wote kwa pamoja? Pili, tulipojaribu kinanda na kanuni, kwenye nyimbo nyingine vinakubaliana na nyingine vinagombana, ingawa tumevipatanisha kwa sauti moja. Kasoro iko wapi? Tatu, kidumbak, ile taarab ndogo ya kucheza, tukiwekeje? Nne, kuna maneno ya zamani ambayo hatuyaelewi, je turekebishe tunapoandika? Na malipo na majina yakoje, ili tusije kuwadhulumu wazee wa watu.

Fundi_Nyaya

Wa aleykum salaam. La kwanza halina mjadala: warekodini pamoja, chumba kimoja, wakionana uso kwa uso. Taarab asilia haiendi kwa saa. Mwimbaji akifika mwisho wa mstari huvuta, fidla humsubiri, dumbak, ile ngoma, hulegeza kidogo, kisha wote huingia kwenye kipande cha vyombo kama mlango uliofunguliwa. Mkimfunga mzee kwenye kliki, akili yake yote itakuwa kwenye kliki. Mtapata sauti safi na wimbo mkavu. Isitoshe, fidla, kanuni na udi hupiga sauti ile ile kila kimoja kwa mapambo yake, na mapambo hayo ni majibu ya hapo kwa hapo. Fidla akimsikia udi kateleza chini, yeye hupita juu. Mtu aliye peke yake chumbani ameshika hedfoni hana wa kumjibu.

Chumba. Sebule za nyumba za Mji Mkongwe ni nzuri kwa macho ila zina mwangwi mkali, kwa sababu ya dari refu na kuta za mawe zilizopigwa chokaa. Tandikeni mabusati sakafuni na msimamishe magodoro mawili au matatu nyuma ya wapigaji. Khanga zilizotundikwa ukutani hazitoshi, zinapunguza makali ya juu tu na kuacha mngurumo wa chini vilevile. Nyumba ya bati iepukeni: manyunyu ya dakika tano yanafuta wimbo.

Wakati. Anzeni saa tatu na nusu asubuhi mmalize kabla ya saa sita, au baada ya Isha. Kunguru hupiga kelele zaidi alfajiri na jioni wanaporudi kulala. Adhana za miskiti ya jirani haziingii dakika moja, kwa hiyo tengeni robo saa nzima ya kusimama. Ijumaa msipange asubuhi. Mwezi wa Ramadhani msiufikirie kabisa, hakuna atakayekuja. Zimeni feni na friji.

Upangaji wa watu. Kwa vifaa mlivyonavyo, maikrofoni mbili za kwenye kinasa ndizo ziwe macho ya picha nzima. Kiwekeni kinasa kwenye stendi, urefu wa kifua cha mtu aliyekaa, na wazee wakae nusu duara mbele yake. Udi na kanuni ndivyo vyenye sauti ndogo, viwe mita 1 hadi 1.2 kutoka kwenye kinasa. Fidla mita 2. Dumbak mita 2.5 au 3, nyuma. Kondensa moja mpeni bibi, sentimita 25 kutoka mdomoni, imeinuliwa kidogo juu ya usawa wa midomo na kuelekezwa chini ili «p» na «b» zisilipuke. Ya pili ipeni kanuni, sentimita 50 juu yake, ikielekea upande wa ngozi na daraja. Msiielekeze kwenye vidole, mtanasa mikwaruzo ya pete. Kama mtaamua kuipa udi badala ya kanuni, iwe sentimita 30 hadi 40, na ilengeni pale shingo inapokutana na tumbo. Mkilenga tundu moja kwa moja mtapata uvumi tu.

Baada ya hapo pigeni dakika mbili za majaribio, sikilizeni, na kama kitu kimezidi au kimepungua hamisheni mtu. Fidla ikifunika, mzee arudi nyuma nusu mita. Sehemu kubwa ya uchanganyaji inafanywa kwa viti. Kuhusu viti vyenyewe, mpiga udi apewe kisicho na mikono, na kisiwe kinacholialia.

Kwenye kinasa: WAV, kilohezi 48, biti 24, na sauti ya juu kabisa isipite desibeli -12. Kama kuna kitufe cha kujirekebisha chenyewe, kizimeni. Kikiwa wazi, kila bibi anaponyamaza kinasa kitainua kelele za chumba, na akirudi kuimba neno la kwanza litapondwa.

Bibi aombwe kwa adabu avue bangili. Bangili mbili zikigongana zinasikika kuliko kanuni. Na msimrekodi zaidi ya nyimbo nne kwa siku, ndani ya saa mbili zikiwemo mapumziko. Maji ya uvuguvugu yawe karibu, soda baridi isikaribie. Bonyezeni kurekodi kabla hamjamwambia kuwa mmeanza, maana mara nyingi ule anaouita «jaribio» ndio wenye sauti iliyotulia kuliko yote. Kila wimbo uanze kwa mtu kutamka tarehe, jina la wimbo, majina ya wapigaji na mtunzi. Makaratasi hupotea, sauti iliyo ndani ya faili haipotei.

NyuziSabiniNaNane

Kinanda chenu hakina ubovu, na kanuni ya mzee haina ubovu. Vinagombana kwa sababu ya maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu ambazo nyimbo zimejengwa juu yake.

Kwenye kinanda, kutoka do hadi mi bemoli (mi iliyoshushwa semitoni moja) ni senti 300, na hadi mi ni senti 400; senti 100 ni semitoni, yaani nusu toni, moja. Katikati hakuna kitu. Maqamu ya rasti inayoanzia do ina sauti ya tatu inayokaa karibu na senti 350, yaani pale pasipo na ufunguo. Ya saba, si, nayo hukaa nusu njia vilevile. Bayati inayoanzia re ina tatizo hilo kwenye sauti yake ya pili tu, na maqamu iitwayo saba vivyo hivyo. Sika ndiyo kabisa, inaanzia hapo hapo katikati. Ajami, nahawandi na hijazi zinapigika kwenye kinanda bila ugomvi mkubwa, ndiyo maana mnasema nyimbo nyingine zinakubaliana. Andikeni nyimbo zenu 12, mwulizeni mzee wa kanuni kila moja iko maqamu gani, na mtaona mgawanyo unaangukia hapo.

Vipo vinanda vinavyokuruhusu kushusha ufunguo mmoja mmoja. Kama chenu ni cha aina hiyo, shusheni mi na si kwa senti 50, mtapata rasti ya do. Lakini angalieni: wimbo ukihamia maqamu nyingine katikati, na nyimbo nyingi nzuri huhama, hamtawahi kubadilisha. Na rasti ya mzee wenu huenda ikakaa senti 340 au 360, yeye ndiye anayejua. Mimi nasema kinanda kibaki nyumbani. Kikiingia na kikabonyezwa mi ya kawaida juu ya rasti, msikilizaji asiyejua atadhani mzee ndiye aliyekosea, na hiyo ni dhulma kubwa kwa mtu aliyeshika nyuzi miaka arobaini.

Sasa upatanishaji. Msianze na chombo, anzeni na koo la bibi. Aimbe beti mbili bila chombo chochote, mtafute anapotua na anapopanda juu kabisa. Kama akipanda anakaza shingo, shusheni. Watu hukosea kwa kutaka mwimbaji wa miaka 78 aimbe kwa kimo cha sauti cha rekodi yake ya ujanani, na sauti ya mwanamke hushuka kadiri umri unavyopanda. Rekodi za zamani zenyewe haziaminiki kwa kimo: santuri iliyokatwa kwa mizunguko 78 kwa dakika ikichezwa kasi kwa asilimia 6 hupanda semitoni nzima, na kanda za redio ni hivyo hivyo. Ndiyo maana santuri za Siti binti Saad, zile zilizoanza kurekodiwa Bombay mwaka 1928, unazikuta mtandaoni kwa vimo viwili au vitatu tofauti vya wimbo ule ule. Tena upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika tatu tu, kwa hiyo hata urefu wa nyimbo zile si kipimo. Waacheni wazee waende dakika 10 au 15 wakitaka.

Mkishapata kimo, kanuni ipatanishwe kwanza na wengine wote waifuate. Ina nyuzi 78, makundi 26 ya tatu tatu, na haiwezekani kuwageukia fidla ukasema «mimi nitawafuata». Tengeni saa nzima. Kama kimo kimebadilika kwa toni nzima, msishushe nyuzi zote asubuhi ya kurekodi: zikiwa zimebadilishwa mkazo zitaendelea kuteleza kila baada ya wimbo. Fanyeni jana yake, zilale, kesho ni kugusa tu. Au mwulizeni mzee kama anaweza kuhamisha mwanzo wa maqamu, kwa mfano rasti ya do aipige kutoka sol ya chini kwa kutumia vijilimi vya shaba vilivyo pembeni ya nyuzi. Mara nyingi ataona ni kazi ndogo.

Daraja la kanuni limekaa juu ya vipande vya ngozi. Ngozi ikinywa unyevu hulegea, daraja huzama, na nyuzi zote hushuka kwa pamoja lakini si kwa kiasi sawa. Kwa hiyo chombo kiingie chumbani saa mbili kabla, na kiyoyozi ama kizimwe tangu mwanzo ama kisiwepo. Kuwasha na kuzima ndiko kunakoharibu. Mna haki kukimbilia kabla ya masika.

Jambo dogo la fidla: ulizeni wazee wenu wawili kila mmoja anafunga vipi. Mpangilio wa Kizungu ni sol–re–la–mi, wa Kiarabu ni sol–re–sol–re. Wakiwa tofauti wanaweza kupiga pamoja, ila mapambo yanayotumia uzi mtupu yatagongana, na wao wanajua namna ya kukwepana kama mtawapa nafasi ya kuzungumza kabla.

SandukuLaChai

Nimesubiri mtu aguse kidumbak. Naona mmekihesabu ndani ya «nyimbo 12». Ondoeni hapo, kipeni siku yake.

Kidumbak, au kitaarab kama wengine wanavyokiita, hakipigwi wimbo mmoja ukaisha watu wakapiga makofi. Ni mfululizo. Fidla inaingia na wimbo ambao watu wanaujua, beti chache, kiitikio kinarudiwa, halafu bila kusimama kinaingia kingine, na mwendo unapanda kidogo kidogo. Kwa hiyo mpango wenu uwe wa dakika 30 hadi 45 bila kukata. Betri mpya, kadi iliyo wazi. Mkija baadaye kukata vipande ili kila wimbo uwe na jina lake, wekeni nakala nzima isiyokatwa pembeni, kwa sababu ustadi wa fidla ya kidumbak uko kwenye zile nusu dakika za kuvuka kutoka wimbo hadi wimbo.

Na lazima wawepo wachezaji. Wanawake sita au wanane wanatosha. Mpiga vidumbak hutazama viuno, hapo ndipo anapojua lini akoleze. Mbele ya ukuta mtupu atapiga sawasawa, na kidumbak cha sawasawa si kidumbak. Mtanasa vishindo vya miguu na vigelegele, viacheni.

Vyombo. Vidumbak ni viwili: kimoja hushika mwendo, kingine hujibu na kuchanganya. Ngozi zipashwe moto wa makumbi au karatasi kabla ya kuanza na tena katikati. Ziwe mbali kiasi kwamba kiganja kinavumilia pale ilipo ngozi. Ukiisogeza karibu sana ngozi hukauka ukingoni na kupasuka pale pale ilipofungwa. Ikipoa, mlio wa juu unakuwa «pu» badala ya «ta». Huo «pu» mkiusikia kwenye hedfoni msihangaike na vitufe, wapeni wazee dakika kumi za moto.

Sanduku ndilo linalowashinda watu wengi. Ni sanduku la mbao nyembamba, lile la chai, limegeuzwa mdomo chini, uzi mmoja umetoka katikati ya mgongo wake hadi kwenye fimbo. Mpigaji hulikanyaga kwa mguu mmoja, anavuta fimbo kukaza uzi na kulegeza, na mkono mwingine unadunda. Likikaa bapa juu ya busati, hewa haitoki na besi inafia ndani. Inueni ukingo mmoja kwa kipande cha ubao cha sentimita 4 au 5, na maikrofoni yenu ya jukwaani iwekeni hapo kwenye upenyo, si juu kwenye uzi. Angalieni pia fundo la ndani: likishika mbao tupu litaitoboa katikati ya mpigo. Pitisheni uzi kwenye kipande cha bati au kishikizo kikubwa kwanza, ndipo fundo. Mshipi mnene wa kuvulia unafaa, na chukueni wa akiba.

Cherewa na mkwasa zisisahauliwe, hamkuzitaja. Cherewa, vile vifuu vya nazi vilivyojazwa mbegu, vikae mbali na kinasa, mita 3, la sivyo vitakula rekodi yote. Mkwasa, vijiti viwili, vinaweza kuwa karibu kidogo.

Kama mnataka kusikia namna fidla, sanduku na vidumbak vinavyopeana nafasi, msikilizeni Makame Faki. Alikuwa kwenye okestra ya Culture Musical Club na akaongoza kidumbak vilevile, na ukimsikia pande zote mbili utaelewa kuwa ni watu wale wale na nyimbo zile zile, kilichobadilika ni kazi ya muziki: kule wa kukaa na kusikiliza, huku wa kucheza.

Mchipukizi_Kikwajuni

Ahsanteni sana, tumeshauondoa mpango wa kliki na kinanda. Nina swali la papo hapo kuhusu maneno. Kwenye wimbo mmoja bibi anaimba «mato» ubeti wa kwanza na «macho» ubeti wa tatu. Tuandike ipi? Pia mistari mingine tukihesabu mizani haitimii, inafika 11 au 12. Na kuna ubeti anauruka kila mara, ingawa anaujua.

Mwana_wa_Vina

Andikeni zote mbili, kila moja mahali pake. «Mato» ni neno la mwambao wa kaskazini, Mombasa na Lamu, na washairi wa Unguja wamelitumia miaka mingi kwa sababu linafungua kina cha *-to*. Tazameni ubeti wa kwanza: nina hakika mistari yake inaishia *-to*. Mkiandika «macho» mnaua kina cha ubeti mzima kwa neno moja. Ubeti wa tatu kina si hicho, ndiyo maana amerudi kwenye «macho». «Ndiya» kwa njia, «nyota» kwa kiu, «miye», «hunu», zote ziacheni zilivyo. Kama mnahofia wasomaji, elezeni maana pembeni, mwilini msiguse.

Mizani. Mnahesabu kile kinachoimbwa, na kinachoimbwa kina nyongeza. Nitatunga ubeti hapa kwa mfano tu:

*Moyo wangu nakuomba, utulie usilie*
*Aliyeondoka Pemba, kheri yake niambie*
*Jahazi lililotamba, upepo ulitulie*

Hesabuni: mo-yo-wa-ngu-na-ku-o-mba ni 8, u-tu-li-e-u-si-li-e ni 8. Mistari yote ni 8 kwa 8, kina cha kati *-mba*, cha mwisho *-ie*. Sasa mwimbaji akiuimba utasikia «Moyo wangu eee, nakuomba miye, moyo nakuomba», na hapo mshaandika mizani 17, «eee» ikihesabiwa moja, kabla hajafika nusu ya pili. «Eee» na «miye» ni za sauti, na marudio ni ya vyombo. Utaratibu mzuri ni kuandika mara mbili: karatasi moja ubeti mtupu, nyingine yote yaliyoimbwa pamoja na marudio na mahali kiitikio kinapoingia. Ya kwanza ni ya mshairi, ya pili ni ya mwimbaji, na zote ni kazi halali.

Namna ya kupata ubeti mtupu: mwombeni bibi ausome, asiuimbe. Wengi wa umri wake huweza. Asipoweza kusoma bila kuimba, mwacheni aimbe taratibu bila chombo na mrekodi. Msimtajie mwanzo wa mstari unaofuata, kwa sababu atakubali chochote mtakachomtajia kwa heshima tu. Mpeni mstari wa kwanza wa wimbo, basi.

Kuhusu ubeti anaouruka, hapo nendeni polepole. Nyimbo za taarab ni mafumbo. Ua, ndege, chombo kilichokwenda mrama, mara nyingi ni mtu, na pengine mtu huyo au watoto wake wako hai mtaa wa pili. Kuruka kwake si kusahau. Mwulizeni kinasa kikiwa kimezimwa, na akisema «huo uacheni», uacheni. Akikubali urekodiwe lakini usichapishwe, andikeni sharti hilo juu ya faili na kwenye makubaliano.

Fundi_Nyaya

Naongeza hapo kwa Mwana_wa_Vina: mkisoma kwa sauti, kinasa kiwe kile kile na maikrofoni ile ile ya bibi, sentimita 25. Maneno ya wazee wenye mapengo hupotea kwenye «s», «sh» na «th». Kwenye simu iliyowekwa mezani hamtaweza kutofautisha «shamba» na «samba» mwezi ujao.

Na SandukuLaChai, sikubaliani nawe kwenye jambo moja. Vigelegele viachwe, sawa, ila kwa siku ya taarab yenyewe wasikilizaji wasizidi kumi na njia ya kutuza ipite ubavuni. Watu wakija mbele kumtuza bibi watapita kati yake na kinasa, sauti yake itazibwa, na noti zikikunjwa sentimita 20 kutoka kwenye kondensa zinasikika kama moto wa makuti.

SandukuLaChai

Njia ya ubavuni nakubali. Ila msikataze kutuza. Mwimbaji hurudia mstari kwa sababu umemgusa mtu na mtu huyo kasimama. Ukiondoa hilo, hata urefu wa wimbo unabadilika.

Haki_ya_Mtunzi

Majina na malipo, kwa ufupi kwa sababu si jambo gumu mkilifanya mapema.

Kila wimbo uwe na safu nne tofauti: mtunzi wa maneno, mtunzi wa muziki, mwimbaji, wapigaji. Katika taarab mara nyingi hawa ni watu wanne mbalimbali, na kosa lililozoeleka ni kumwandika mwimbaji peke yake kana kwamba yote ni yake. Siti binti Saad mwenyewe hakuwa peke yake, alikuwa na kina Subeti Ambar, Buda Swedi, Maalim Shaaban na Mbaruk Talsam, na majina yao tumebaki nayo kwa sababu kuna waliojali kuyaandika. Kama wimbo ulitungwa ndani ya kikundi, iwe Ikhwani Safaa, kilichoanza 1905, au kingine chochote, kikundi kitajwe na kiombwe idhini hata kama mzee wenu alishatoka.

Makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, yasomwe kwa sauti mbele ya mzee na mtu wake mmoja wa nyumbani. Yataje: nyimbo gani, zitawekwa wapi, mapato yakipatikana yanagawanywaje, na nani atapokea fungu la mzee akiondoka duniani. Nakala mbili, sahihi au dole gumba, moja abaki nayo. Msitumie maneno kama «haki zote milele», mzee hatakataa kwa sababu ya adabu, na hiyo adabu msiitumie dhidi yake.

Malipo ya siku yatolewe siku ile ile, mkononi mwa kila mmoja. Kumkabidhi mkubwa wa kikundi agawe ndiko kunakoleta maneno. Usajili wa kazi ni kwenye ofisi za hakimiliki: kwa Zanzibar ni COSOZA, na kwa watunzi walioko bara ni COSOTA. Mkihitaji kufanya onyesho la hadhara, pitieni Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni mapema kwa ajili ya kibali.

NyuziSabiniNaNane

Mchipukizi, moja la mwisho kwenye maandalizi. Mzee akisahau wimbo, msimchezee rekodi ya zamani asubuhi ya kurekodi. Atauiga, pamoja na kimo chake na haraka yake ya dakika tatu. Mpelekeeni siku tatu kabla, asikilize mara moja mbili, mwondoke nayo. Siku ikifika atakuwa amekwisha kuufanya wake tena.

Mchipukizi_Kikwajuni

Tumeelewa. Je, tuwasikilizishe baada ya kila wimbo au mwisho wa siku? Na kwa simu inatosha?

Fundi_Nyaya

Baada ya wimbo wa kwanza tu, kisha mwisho wa siku. Mkifanya kila wimbo wataanza kurudia rudia na bibi atachoka.

Simu haitoshi. Spika yake haitoi besi, mzee wa sanduku atajiona hayumo kabisa na atadunda kwa nguvu wimbo unaofuata hadi uzi ukatike. Tafuteni spika mbili za kawaida, ziwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, na mzee wa kanuni akae katikati. Yeye ndiye mumtazame. Akikunja uso mahali fulani, andikeni dakika na sekunde, ndipo mwulizeni.

Kabla hamjaondoka chumbani nakilini faili kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje, mzifungue zote mbili na kusikiliza sekunde chache za kila wimbo. Kadi ya kinasa msiifute mpaka nakala ya tatu imefika nyumba nyingine.